Baridi ya Julai na Baiskeli: Vile Utavaa na Vitu Utabeba Ukirauka Mangware Eastlando

Kama umewahi toka Kayole ama Dandora na baiskeli saa kumi na moja asubuhi mwezi wa Julai, unajua hii story haihitaji utangulizi mrefu. Pua inamwaga, macho inatoa machozi, vidole zimekauka kama miwa, na bado hujafika hata Outering. Halafu ile ngori kubwa: ukifika Inda umelowa jasho ndani, unasimama kwa geti ukingoja kuingia, na hapo ndio baridi inakushika kabisa. Siku mbili baadaye uko na kifua, siku ya tatu hujaenda job, na kama wewe ni kibarua, siku ambayo hujaenda ni siku hujalipwa.

Wasee wengi huku mtaani hawaendeshi baiskeli juu ya mazoezi. Ni hesabu. Chukulia doo ya mat ni mia moja kwa siku, kwenda na kurudi. Siku 26 za kazi ni 2,600. Hiyo ni gesi, ni unga, ni kipande cha rent ya keja. Shida ni vile Julai ikifika, msee anaanika baiskeli kwa ukuta miezi tatu anarudi mat, na ile akiba yote inaishia hapo. Hii makala ni ya huyo msee. Hauhitaji nguo za wale wasee wa lycra wa wikendi. Vitu nyingi uko nazo tayari kwa keja, ni vile hujui kuzipanga.

Kwa nini Nai inakuanga baridi hivi

Watu wa ng'ambo wakisikia Kenya wanafikiria jua tu. Lakini Nairobi imekaa juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanafunika mji, jua haionekani hadi saa sita, na kuna siku haitokei kabisa. Julai ndio mwezi wa baridi zaidi, na asubuhi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi.

Nyuzi 10 ukiwa umesimama sio mbaya sana. Lakini kwa baiskeli wewe mwenyewe ndio unatengeneza upepo. Hewa inayopita kwa ngozi inabeba joto lako na kuenda nalo. Ukiwa kwa nduthi kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa, nyuzi 10 inaskika kwa ngozi kama nyuzi 5. Baiskeli ni spidi ya chini, lakini kuna kitu kingine: unatoa jasho. Na maji inanyonya joto kutoka kwa mwili haraka sana kuliko hewa kavu.

Kwa hivyo adui ni wawili, upepo wa nje na maji ya ndani. Ukivaa vizuri unapigana na wote wawili. Ukivaa vibaya unaziba mmoja na kumkaribisha mwingine. Ndio maana yule msee amejifunga jaketi ya manyoya nene kama anaenda Ulaya anafika Doni amelowa, na akishuka anatetemeka kuliko yule mwenye sweta tu.

Leya tatu, sio jaketi moja kubwa

Siri ni nguo tatu nyepesi badala ya moja nzito. Kila moja iko na kazi yake.

Ya kwanza ni ile inagusa ngozi. Kazi yake ni kutoa jasho kwa mwili, sio kuleta joto. Hapa ndio wengi huanguka, juu tunapenda vesti na t-shati za pamba. Pamba inakunywa jasho halafu inakaa nalo. Ikilowa imelowa, na itakuwa imekugandia mgongoni hadi saa nne. Dawa yake uko nayo kwa kabati: jezi. Ile jezi ya mpira, ya Arsenal, Man U, Gor ama AFC, imetengenezwa na poliesta, kitambaa ambacho hakishiki maji. Jasho linatoka, linasambaa, linakauka. Vaa ile inakushika mwili kiasi, sio ile kubwa ya kupepea. Ndio, hata kama timu yako ilipigwa Jumapili.

Ya pili ni ya joto. Hapa unataka nguo inayoshika hewa, juu hewa iliyotulia ndio blanketi. Sweta ya sufu, ama ile sweta laini ya manyoya mafupi ambayo Gikomba na Mutindwa zimejaa. Sufu ni poa juu hata ikilowa kidogo bado inakupa joto. Sweta ya shule ya zamani ikikuingia, vaa, hakuna mtu anakuangalia saa kumi na moja asubuhi. Hudi ya pamba ndio chaguo la mwisho: inapendeza kwa luku lakini ikishika maji inakuwa mzigo, na ile kofia yake inakufunika masikio na macho ya pembeni usione lori linakuja.

Ya tatu ni ya kuziba upepo. Hapa hutaki unene. Unataka kitambaa chembamba ambacho upepo haupiti: zile jaketi nyepesi za nailoni, za zipu, zenye unaweza kunja ziingie kwa mfuko. Ukienda kwa mtush, fanya hivi: weka kitambaa kwa mdomo na upulize. Hewa ikipita kirahisi, wachana nayo. Ikikataa, hiyo ndio yako. Angalia zipu kama inafanya kazi hadi juu kwa shingo, juu zipu ikikufa hiyo jaketi imekwisha. Na mgongo iwe ndefu, juu ukiinama kwa usukani kiuno kinabaki nje. Hapo kwa kiuno ndio baridi ya baiskeli inapenda kuingilia.

Ukikosa jaketi ya upepo, kuna njia ya wazee: gazeti. Chukua Taifa Leo ya jana, kunja mara mbili, weka kifuani kati ya sweta na jezi. Usicheke. Kwa mbio za Tour de France, waendeshaji walikuwa wanapewa magazeti juu ya milima wayaingize kifuani kabla ya kuteremka. Ni mbio ambazo Chris Froome, msee aliyezaliwa hapa Nairobi 1985 na akafunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda mara nne. Kama gazeti liliwatosha wa Alps, litakutosha Jogoo Road. Ukifika unalitoa, na jasho limebaki nalo.

Toka ukiwa unaskia baridi kidogo

Hii ndio sheria wengi hawaamini hadi wajaribu. Ukitoka kwa mlango ukiwa umeskia joto poa, umevaa sana. Baada ya dakika kumi za kukanyaga, mwili utakuwa umewaka na utaanza kulowa. Toka ukiwa unaskia baridi kidogo, na ujue ukifika steji ya pili utakuwa sawa.

Usingoje ulowe ndio ufungue zipu. Ukiskia mgongo unaanza joto, shusha zipu nusu. Kwa mlima, fungua. Kwa mteremko, funga. Na kilomita ya mwisho, punguza spidi, fungua jaketi, kanyaga polepole. Unaacha mwili upoe na jezi ikauke kidogo kabla usimame. Wale hukimbiza dakika ya mwisho ndio hufika kama wametoka kwa mto. Bora utoke keja dakika kumi mapema.

Mimi mwenyewe nilijifunza vibaya. Asubuhi moja nilitoka na vesti ya pamba, hudi mbili na jaketi ya ngozi ya kuazima. Kufika karibu na raundabauti nilikuwa nimelowa na vidole zimekufa. Lori likasimama mbele yangu, nikafinya breki, na vidole zikakataa kufunga. Nilipitia kwa tope pembeni, sentimita chache kutoka kwa taili ya lori. Sikuumia. Lakini tangu hiyo siku sijawahi toka bila glavu.

Mikono, kichwa, miguu

Mikono kwanza, juu ndio inashika breki. Kidole ambacho hakiskii ni breki ambayo haifanyi kazi. Glavu za mtush zinatosha, bora vidole zikunjike. Kama ni za sufu tu upepo utapita, kwa hivyo vaa zile nyembamba za mpira za mjengo juu yake. Hazina sura lakini zinaziba upepo na mvua.

Kichwa: marvin ndio mfalme, lakini chagua nyembamba ambayo inaingia chini ya helmeti na kufunika masikio. Marvin nene inainua helmeti ikae juu kama sufuria, na ukianguka haitakusaidia. Shingoni funga skafu fupi ama kitambaa, na mwisho wote uingie ndani ya jaketi. Kitu inaning'inia karibu na tairi ama cheni ni ajali inangoja.

Miguu inafanya kazi kwa hivyo haihitaji mengi. Suruali ya traki inatosha. Jinzi ni pamba na ni nzito, ikilowa haikauki hadi jioni. Suruali ya kazi beba kwa bag. Mguu wa kulia, upande wa cheni, funga na mpira ama uingize kwa soksi. Kwa viatu, soksi moja nene ambayo bado inaacha vidole zicheze. Ukivaa soksi tatu kiatu kikubane, damu haitembei na utaskia baridi zaidi. Siku ya mvua, vaa soksi, juu yake karatasi ya mkate, halafu kiatu.

Mzigo: mgongoni ama kwa keria?

Bag ya mgongo iko na shida moja kubwa wakati wa baridi: inaziba mgongo, jasho halina pa kwenda, na ukiitoa pale geti, mgongo wote ni maji na upepo unaingia. Kama baiskeli yako ina keria ya nyuma, mzigo ukae hapo. Kama haina, mafundi wa jua kali pale Kamukunji wanachomelea vyuma kila siku. Peleka baiskeli ipimwe, na uhakikishe keria imeshikwa pande zote mbili na haigusi tairi. Funga na mpira wa tyubu mzee, sio kamba. Mpira unavutika na kushika, kamba inalegea kwa matuta. Na usiache mkia wa mpira ukining'inia karibu na spoku.

Kama lazima iwe mgongoni, ibebe kwa mabega yote mawili na ukaze mikanda. Vitu vizito vikae chini karibu na mgongo. Bag ya bega moja inayumba, inakuvuta upande, na ni rahisi kunyakuliwa hapo unapopunguza spidi. Simu isikae kwa mfuko wa nje wala mfuko wa nyuma wa suruali. Weka mfuko wa ndani wa jaketi, wenye zipu, kifuani. Faida ni mbili: haionekani, na haipati mvua.

Vitu za lazima

Usibebe keja nzima. Hizi ndizo zinakutoa kwa ngori:

Tyubu moja ya ziada ya saizi ya tairi yako, na kipakti cha viraka na gundi. Saa kumi na moja fundi wa baiskeli bado amelala.

Pampu ndogo, na vyuma viwili vya kutoa tairi. Mpini wa kijiko cha chuma unasaidia ukikosa, lakini polepole usitoboe tyubu.

Spana inayoingia kwa nati za magurudumu yako. Jaribu ukiwa keja, usingoje ugundue kwa barabara kwamba ni saizi tofauti.

Cheni na kufuli. Funga fremu, sio tairi peke yake, la sivyo utarudi upate tairi tu.

Kitambulisho, na karatasi yenye jina lako na namba ya mtu wa nyumbani. Ukianguka uzirai, simu yako imefungwa na pini, hakuna mtu atajua aitie nani. Andika pia kama una pumu ama ugonjwa mwingine. Kwa dharura piga 999 ama 112, na Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199.

Doo kidogo taslimu, hata kama uko na pesa kwa M-Pesa. Simu inaweza kuzima, na mtu wa kiraka hataki stori.

Jezi ama vesti kavu ya kubadilisha, na taulo ndogo. Hiki ndicho kitu muhimu zaidi kwa hii orodha yote. Ukifika, kabla hata ya salamu nyingi, ingia choo, jifute, badilisha. Dakika tatu tu na siku yako imeokolewa.

Kitu ya kula. Mwili unatengeneza joto kutoka kwa chakula, na kukanyaga na tumbo tupu kwa baridi kunakuchapa haraka. Kunywa chai ama uji kabla ya kutoka, na utupe mandazi mbili ama ndizi kwa bag. Maji pia beba. Kwa baridi huskii kiu lakini jasho bado linatoka.

Mvua na karatasi

Zamani ulikuwa unafunga kila kitu kwa juala la supa. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, yale majuala ya plastiki yalipigwa marufuku Kenya, kwa hivyo tafuta njia nyingine. Karatasi za mkate zinaosheka na kukaushwa: moja ya simu, moja ya kitambulisho na doo, moja ya nguo kavu. Chakula kiingie kwa mkebe wenye kifuniko kinachofunga. Bag yenyewe, hata ikiandikwa aje, chukulia inavuja, na funga vitu ndani yake.

Manyunyu ya Julai sio mvua kubwa lakini inalowesha polepole. Koti la mvua linaziba maji ya nje na pia linafungia jasho ndani, kwa hivyo livae mvua ikianza, sio asubuhi yote. Mvua ikipita, toa. Na barabara ikiwa na utelezi, breki mapema, finya zote mbili polepole, na epuka mistari ya rangi na vifuniko vya mitaro.

Uonekane

Julai jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi. Ukitoka saa kumi na moja unusu uko kwa giza, na ukirudi saa moja jioni uko kwa giza tena. Zile jaketi na marvin zetu nyingi ni nyeusi, na mwenye lori hawezi breki kwa kitu hajaona. Vaa riflekta juu ya kila kitu, pia juu ya bag. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na betri ijazwe usiku. Ukipita Outering, tumia ile njia ya baiskeli pembeni hata kama imejaa mama mboga na nduthi. Polepole na kengele ni bora kuliko kubishana na mat.

Wasee wa nduthi

Nyinyi hamkanyagi, kwa hivyo jasho sio shida yenu. Shida ni upepo wa saa nyingi. Hapo ongezeni unene wa leya ya pili, na msisahau magoti. Ile mbinu mnatumia ya kuvaa jaketi nyuma mbele ni sayansi kamili: zipu inakaa mgongoni na upepo wa mbele haupati mlango. Lakini hakikisheni shingo haibanwi na mikono inafika breki bila kuvutwa. Na riflekta ije juu ya hiyo jaketi. Sheria inataka helmeti na jaketi ya riflekta, kwako na kwa abiria.

Ukirudi keja, chunga jiko

Hii ndio sehemu ya maana zaidi, na haina uhusiano na luku. Umerudi, umelowa, keja ni chumba kimoja, na kesho unahitaji hizo nguo. Wengi huwasha jiko la makaa, wanafunga mlango na dirisha, wanaanika nguo juu na kulala. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwa damu, unaskia usingizi na kichwa kuuma, halafu huamki. Kila msimu wa baridi kuna familia inapatikana hivyo asubuhi.

Jiko likiwaka ndani, mlango ama dirisha likae wazi, na kabla ya kulala litoke nje, hata kama makaa yanaonekana kama yamekufa. Nguo kamua, zungushia taulo kavu, ikanyage taulo inyonye maji, halafu anika kwa kamba. Jezi itakuwa imekauka asubuhi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuacha pamba. Viatu vijaze magazeti. Yale yale ya kifuani.

Kabla ya kutoka kesho

Panga usiku, sio asubuhi ukiwa na usingizi. Jezi, sweta, jaketi ya upepo. Glavu na marvin juu ya helmeti. Nguo kavu kwa karatasi ya mkate. Tyubu, pampu, spana. Kitambulisho na ile namba ya nyumbani. Finya tairi, jaribu breki, washa taa uone. Halafu toka ukiskia baridi kidogo, usikimbie, na ufike job ukiwa mkavu. Ile 2,600 ibaki yako hadi Agosti iishe.